UZI: Bangi ya Migori na Homa Bay, na kitu ambacho mjadala wetu huruka kila mara

1.
Kila kampeni ikikaribia, hii hoja hurudi. Jukwaa moja linasema bangi ihalalishwe, dola ziingie, deni la taifa lilipwe. Jukwaa lingine linasema ikihalalishwa tu, vijana wetu wameisha. Watu wanapiga makofi pande zote mbili, wanaenda nyumbani, na mkulima wa Kuria anabaki pale pale alipokuwa.

Uzi huu hautaji chama wala mheshimiwa yeyote. Nataka tupitie historia polepole, kwa sababu ahadi za leo ziliwahi kutolewa kuhusu vitu vingine na tunajua zilivyoishia.

2.
Shida ya kwanza ni kwamba pande zote mbili zinabishana kuhusu jani. Jani tunalijua. Ni gunia lililofichwa kwenye lori, ni msokoto, ni picha ya polisi wamesimama katikati ya mimea waliyoing'oa.

Lakini mmea huu una kitu kingine, na huko ndiko pesa ya dunia na ukali wa sheria vimekuwa vikielekea kwa miaka 100: utomvu wake. Utomvu ukikusanywa na kushindiliwa unakuwa hashishi, wengi husema hashi kwa kifupi. Zamani ilikuwa kazi ya watu wa mbali, India, Lebanoni na Moroko. Siku hizi video za kuitengeneza nyumbani, kwa barafu na ndoo, zinafika kwenye simu ya kijana wa Rongo sawa na zinavyofika kwa kijana wa Toronto. Na kijana wa Rongo anajiambia, "Si hii ni bangi tu?"

Hapana. Kwa sheria ya Kenya si bangi tu. Twende.

3.
Kwanza tuelewane hiki kitu ni nini. Ua la mmea wa kike limejaa vinyweleo vidogo mno, kila kimoja kina kichwa cha utomvu. Humo ndimo imejaa kemikali inayolevya, THC. Majani makubwa yana kidogo sana.

Njia za kale za kuutoa ni mbili: kusugua maua mabichi kwa viganja mpaka mikono inate, au kuchekecha maua makavu juu ya kitambaa na kushindilia unga unaodondoka. Njia ya barafu ni mpya. Baridi hufanya vinyweleo vikatike kirahisi, na kwa kuwa utomvu ni mzito kuliko maji, unazama huku majani yakielea. Unachujwa, unakaushwa, unakandamizwa. Ikiwa safi hutoa mapovu ikiguswa na moto, ndiyo wakaiita hashi ya mapovu.

Hiyo ndiyo sayansi yake. Mapishi sitayaandika, na ukifika nambari 8 utaona kwa nini.

4.
Sasa neno lenyewe. Wahindi walikuwa na majina matatu kwa bidhaa tatu za mmea huu. Bhang ni majani, ya kusagwa na kunywewa na maziwa. Ganja ni maua. Charas ni utomvu. Kila moja ilikuwa na nguvu yake, bei yake na ushuru wake.

Waingereza walipotaka kujua kama wapige marufuku, waliunda tume India mwaka 1893. Tume ile iliwahoji mashahidi zaidi ya 1,000, ikatoa ripoti ya mabuku saba, na ikasema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, na kwamba kupiga marufuku kabisa si busara. Na muda wote ilizichunguza zile bidhaa tatu kando kando.

Sisi huku pwani tulipokea jina la ile hafifu zaidi, bhang, tukaliita bangi, kisha tukaliweka juu ya kila kitu: jani, ua, utomvu. Kwa hivyo mheshimiwa akisimama Kehancha aseme "tuhalalishe bangi", lugha yetu yenyewe haimlazimishi kusema ni ipi kati ya hizo tatu. Hapo ndipo mjadala unapoanza kupotea.

5.
Je, bangi ililetwa na wakoloni? Au na Wahindi wa reli? La. Huko Ethiopia, kwenye pango la Lalibela, wanaakiolojia walipata vichwa vya kiko vya karne ya 14 vyenye mabaki ya bangi. Richard Burton alipopita Unyamwezi miaka ya 1857 na 1858 aliwakuta watu wakiivuta kwa kibuyu cha maji, miaka 40 kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa.

Kwa upande wa ziwa, ushahidi mwingine uko mdomoni mwetu. Mjaluo huiita njaga. Muganda huiita enjaga. Lugha hizo mbili hazina undugu, moja ni ya Kiniloti na nyingine ni ya Kibantu, lakini neno ni lile lile. Neno kama hilo husafiri na bidhaa, na njia ya kawaida kati ya watu hao wawili ilikuwa ziwa. Kwa hiyo mtu wa Mbita akikwambia mmea huu walikuwa nao babu zake, usimcheke.

Ila hapa pia tuwe wakweli. Walichokuwa nacho babu zetu ni jani na ua. Hashi haimo katika hadithi hiyo, na hashi ya barafu ndiyo kabisa. Ukitetea kitu kwa jina la mila, hakikisha ndicho kitu chenyewe.

6.
Marufuku ilikujaje? Himaya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria mwaka 1913 ya kuzuia matumizi mabaya ya afyuni, na bangi ikawekwa humo humo. Ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1914. Wakati huo Migori na Homa Bay za leo zilikuwa chini ya South Kavirondo, iliyoitwa baadaye South Nyanza. Hakuna mzee wa kule aliyeulizwa. Wala ile ripoti ya mabuku saba, iliyoandikwa chini ya taji lile lile la Uingereza, haikusaidia kitu.

Kisha likaja la dunia nzima. Kwenye mkutano wa afyuni wa Geneva, 1924 hadi 1925, ujumbe wa Misri ulisimama ukasema hashishi ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya wendawazimu nchini mwao, na lazima iwekwe kando ya afyuni. Wakakubaliwa. Mkataba wa 1925 ulitaja utomvu kwa jina lake na kuzuia usipelekwe kwenye nchi zilizoupiga marufuku.

Ona vizuri: hofu iliyouingiza mmea huu kwenye sheria za dunia ilitoka Cairo na ilihusu hashishi. Marufuku iliyomfikia mtu wa Ntimaru ilihusu jani lake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukafunga mlango: bangi na utomvu wake vikawekwa pamoja na heroini kwenye orodha kali kuliko zote.

7.
Basi kwa nini watu waliendelea kupanda? Tazama ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani hadi ziwani, ukapita katikati ya Wakuria. Ndugu mmoja akabaki Tarime, mwingine Kehancha. Shamba liko huku, mjomba yuko kule, na soko liko pande zote. Mpaka wa namna hiyo huzaa magendo hata kama kinachopandwa ni mahindi.

Halafu barabara. Kutoka Isebania lami inapita Migori, Awendo, Rongo, inaingia Kisii, inatokea Oyugis upande wa Homa Bay, inashuka hadi Kisumu. Na kando yake kuna ziwa, kuanzia Muhuru Bay hadi Mbita, lenye fuo nyingi kuliko askari.

Halafu njaa ya pesa. Tangu katikati ya miaka ya 1970 eneo hili limelima tumbaku kwa mikataba: unapewa mbegu na mbolea kwa mkopo, unakatwa siku ya kuuza, na anayepanga jani lako liko daraja gani ni mnunuzi mwenyewe. Miwa nayo, Awendo hadi Ndhiwa, inakaa shambani mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na malipo yanaweza kuchelewa hata baada ya hapo. Bangi hukomaa kwa miezi michache na mnunuzi analipa papo hapo. Mtu anaificha katikati ya mahindi au miwa akijua hatari yake, kwa sababu ada ya shule haingoji kiwanda.

Sisemi ni sawa. Nasema ndiyo hesabu, na mswada wowote usiojibu hesabu hiyo ni hotuba tu.

8.
Sasa sheria tuliyonayo. Ni ile ya 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Wengi wanajua ni kali. Wachache wameisoma.

Sheria hiyo, kwa kufuata mkataba wa 1961, inatenganisha vitu. "Bangi" inaelezwa kuwa ni vichwa vyenye maua au matunda ambavyo utomvu wake haujatolewa. "Utomvu wa bangi" una maana yake kando. Mafuta ya bangi pia yana yake.

Halafu adhabu. Kwa sheria ilivyoandikwa 1994, ukikutwa na bangi na ukaithibitishia mahakama kwamba ni ya matumizi yako mwenyewe, kifungo ni miaka 10. Dawa nyingine isiyo bangi, hata kama ni ya matumizi yako mwenyewe, ni miaka 20. Marekebisho ya 2022 yalipunguza ile ya bangi ya matumizi binafsi: kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Nafuu hiyo imeandikiwa neno "bangi".

Umeona mtego? Ukiyachukua maneno ya sheria yalivyo, siku unapotenga utomvu na jani umetoka kwenye neno moja na kuingia kwenye lingine. Mmea ni ule ule, wa shamba lile lile, lakini nafuu ya 2022 inaweza kukukataa. Wakili mzuri atabishana, na abishane. Ila kijana aliye na ndoo na barafu jikoni Kendu Bay hajui hata kwamba kuna la kubishania.

9.
Kuna neno lingine la kuogopa: ulanguzi. Mtaani ulanguzi ni kuuza. Kwenye sheria hii ndani yake mna kutengeneza, kununua, kuuza, kupeana, kuhifadhi na kusafirisha. Adhabu iliyowekwa 1994 ilikuwa faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mzigo, ile iliyo kubwa, na juu yake kifungo cha maisha. Mwaka 2022 adhabu zikapangwa kwa gramu, na gramu 100 ndio mstari kati ya ngazi moja na nyingine.

Kwa hiyo aliyetengeneza kipande kidogo, akakiweka kabatini, akamkatia rafiki yake bure, kwenye akili yake hajauza kitu. Kwenye karatasi ya mashtaka anaweza kuwa amefanya mambo matatu ya ulanguzi bila kupokea hata shilingi.

Na mwenye shamba asijidanganye pia. Kifungu cha 6 kinamgusa anayelima na anayeruhusu ardhi yake ilimiwe: faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Mzee aliyekodisha shamba kwa mgeni asiulize analima nini yumo humo.

10.
Kwa nini basi dunia nzima imekimbilia utomvu? Jibu liko kwenye historia yetu wenyewe ya pombe.

Busaa ni nzito, ina harufu, inachachuka baada ya siku chache. Chang'aa inaingia kwenye jerikani ndogo na haiozi. Ukimfukuza mpishi kila wiki, atachagua kile kinachobebeka na kufichika. Msako haukuua pombe, uliisukuma iwe kali zaidi na ndogo zaidi.

Utomvu ni hivyo hivyo. Gunia la jani linanuka kutoka mbali. Kinachotoka kwenye gunia lile, kikishakandamizwa, kinatosha mfuko wa koti. Huko Moroko, milima ya Rif ililima kif ya kuvuta kwa vizazi vingi, kisha miaka ya 1960 na 1970 wanunuzi wa Ulaya wakaja na kuchekecha kukashika kasi, kwa sababu hashishi ndiyo inavuka bahari kirahisi. Huko Amsterdam, Mila Jansen aliuza mashine yake ya kuchekecha mwaka 1994, akiwa amepata wazo kwa kutazama mashine ya kukausha nguo. Kabla miaka ya 1990 haijaisha alikuwa na mifuko ya kuchuja kwa maji na barafu. Vifaa vikaingia Canada na Marekani, vikaingia mtandaoni, na sasa viko kwenye simu zetu.

Kumbuka nani alitajirika katika mlolongo huo. Ni aliyechuja, aliyebeba na aliyeuza vifaa. Mkulima wa Rif alibaki mlimani, wengi wao wakitafutwa na polisi.

11.
Kuna wanaosema, "Mbona Meru wana miraa yao na sisi tunafungwa?" Swali ni la haki, na jibu si kwamba Wameru wanapendwa.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuidhibiti miraa mwaka 1945, ikashindwa. Miraa haikuwahi kuingizwa kwenye mkataba wa 1961. Na jani lenyewe hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo thamani yake iko kwa mkulima na kwa dereva anayekimbia usiku. Miraa ilibaki kuwa jani, na ikabaki kuwa na jamii nzima nyuma yake. Hata hivyo Uingereza ilipoifunga Juni 2014, Maua ilitikisika. Mwaka 2016 ndipo sheria ya mazao ikaitambua.

Bangi haina bahati hiyo. Inakauka, inahifadhika, inakamulika. Kwa hiyo hata ikihalalishwa kesho, faida haitakaa yenyewe shambani. Itakwenda kwa mwenye mtambo, mwenye maabara na mwenye leseni, isipokuwa sheria iseme vingine.

12.
Unafikiri nakutisha? Rudi kwa chang'aa. Kuanzia 1980 ilikuwa na sheria yake maalumu ya marufuku. Mwaka 2010 sheria hiyo ikafutwa. Watu walishangilia, "Chang'aa imehalalishwa!"

Ilihalalishwa kwa nani? Sheria mpya ilitaka leseni, viwango, na chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Mama anayepika kando ya mto kule Rangwe hakuwa na kiwanda cha kujaza chupa. Kwake mambo yalibaki vile vile: chifu, msako, hongo, pipa kumwagwa. Neno "halali" lilipita juu ya kichwa chake likaenda kwa mwenye mtaji.

Sasa weka bangi mahali pa chang'aa. Uganda ilipotoa masharti ya leseni za bangi ya dawa mwaka 2020, mwekezaji alitakiwa kuwa na mtaji usiopungua dola milioni 5. Lesotho, nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni hizo, 2017, nayo iliweka ada ambazo mkulima wa kilimani hawezi kuzigusa. Huko mmea ulihalalishwa, na mkulima wa zamani akabaki haramu.

13.
Moroko wenyewe walijaribu njia tofauti kidogo, na inafaa tuijue. Sheria yao ya 2021 iliruhusu bangi ya dawa na ya viwandani katika mikoa mitatu tu ya Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, yaani pale pale palipokuwa na wakulima wa zamani, nao wanatakiwa kujiunga kwenye vyama vya ushirika. Hashishi ya kujiburudisha ilibaki marufuku. Na Agosti 2024 mfalme akawasamehe watu zaidi ya 4,800 waliohukumiwa au waliokuwa wakitafutwa kwa kulima.

Si peponi. Soko la magendo bado lipo, tena kubwa. Lakini ona walichoanza nacho: nani alikuwa analima, wapi, na tufanye nini na makosa yake ya jana. Sisi mijadala yetu huanza na dola.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura ya kuitoa bangi na utomvu wake kwenye ile orodha kali ya 1961. Matokeo yalikuwa 27 kwa 25, mmoja akajizuia. Moroko na Afrika Kusini waliunga mkono. Kenya ilipinga. Anayekuahidi bangi halali jukwaani, muulize kama anajua kura hiyo, na kama ataibadilisha sera iliyoizaa.

14.
Upande wa pili nao usikilizwe, kwa sababu hawasemi upuuzi. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikadiria Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, yaani mtu mmoja katika kila 53. Hao ni watoto wa watu.

Na hashi si msokoto. Nguvu yake ni mara kadhaa ya jani, na anayeanza na umri mdogo ndiye aliye hatarini zaidi kuchanganyikiwa akili. Ile iliyotengenezwa nyumbani ikikandamizwa kabla ya kukauka huota ukungu, na mvutaji anauvuta ukungu huo. Wengine huchanganya njia ya barafu na ile ya gesi ya kupikia. Ile ya gesi imelipua nyumba na kuunguza watu huko Marekani. Mama aliyezika mwanawe au anayemfunga kamba usiku asitoroke, ukimwambia "ni mmea tu wa Mungu", umemtukana.

Lakini mama huyo huyo amekuwa na marufuku tangu 1914. Ana haki ya kuuliza imemlinda wapi.

15.
Kuna mfano mmoja wa karibu wa kubadilisha zao bila kumtupa mkulima. WHO, FAO na WFP pamoja na serikali walianzisha huko Migori mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku. Mkulima anapewa mbegu za maharagwe aina ya Nyota, yenye madini ya chuma kwa wingi, mafunzo, na muhimu kuliko yote, mnunuzi. Kufikia 2023 wakulima 330 walikuwa wameingia.

330 ni wachache, ndiyo. Ila waliondoka kwenye jani kwa sababu kulikuwa na mtu wa kununua maharagwe. Miaka yote tuliyong'oa bangi Kuria, ni lini gari la pili lilifuata la polisi, likiwa na mbegu na mkataba wa soko?

16.
Basi kampeni zikirudi, na zitarudi, usikubali kuulizwa "unaunga mkono bangi au unapinga?" Swali hilo limetengenezwa ili usifikiri. Wewe uliza haya, kwa mheshimiwa wa upande wowote:

Mswada wako unazungumzia jani, ua, au utomvu? Uko kurasa gani?

Anayetumia peke yake nyumbani na anayepeleka tani nje, umewatenganishaje? Au wote bado ni walanguzi?

Leseni itagharimu kiasi gani, na mwenye ekari mbili Ntimaru au Gwassi ataipataje? Kupitia ushirika? Nani anasimamia ushirika huo?

Usindikaji utafanyika kaunti hizi au jani litapakiwa kwenda Nairobi kama tumbaku?

Waliofungwa kwa misokoto mitano, waliopoteza shamba kwa faini, mtawaacha ndani huku wawekezaji wakikata utepe nje?

Na kama jibu lako ni marufuku iendelee, sawa, lakini mnunuzi wa maharagwe yuko wapi?

17.
Msimamo wangu mimi ni huu, na uko huru kuupinga. Sheria isiyomwambia kijana waziwazi tofauti ya jani na utomvu inamtega, na sheria itakayohalalisha utomvu kwa wenye mitambo kabla ya kumtoa jela aliyekuwa na jani itakuwa chang'aa ya 2010 mara ya pili.

Kijana wangu unayesoma hii na una barafu kwenye friji: hiyo video imetengenezwa nchi ambayo sheria yake si yako. Aliyeirekodi hatakuja Homa Bay kukulipia wakili.

Wengine, ukiwa na mzee wako anayekumbuka South Nyanza ya zamani, muulize njaga ilikuwa ya nani na ilitumika lini, kisha uandike hapa chini. Historia hiyo iko vichwani mwa wazee, nao wanapungua.